Hisa alizoacha baba, na mchoro wa bei uliogombanisha familia

SWALI: "Shikamoo. Niko Nkuhungu, Dodoma. Marehemu baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Mwaka 2009 benki ya CRDB ilipouza hisa kwa umma, alinunua hisa 4,000 kwa shilingi 150 kila moja, risiti tunayo. Alifariki mwishoni mwa 2019 na mirathi tumeichelewesha hadi sasa. Tulipoomba taarifa ya akaunti yake ya hisa tumekuta 4,800, na hakuna anayejua hizo 800 zimetoka wapi. Mdogo wangu wa kiume amepakua bei za kila siku tangu 2009 na kuchora mchoro. Kaka akiuangalia anasema baba alikula hasara, maana siku anafariki bei ilikuwa chini ya ile aliyonunulia. Mdogo anasema hapana, mchoro unaonyesha kila ikishuka inarudi juu, kwa hiyo tusiuze, na yeye yuko tayari kuongeza milioni tatu alizopata kwenye zabibu zake Hombolo. Mama anataka tuuze zote, kila mtu achukue chake. Isitoshe, mdogo ana takwimu kutoka sehemu mbili na bei za miaka ya mwanzo hazifanani. Tutumie bei ipi? Nani yuko sahihi?"

JIBU: Marahaba mwanangu, na poleni. Mirathi ikikaa miaka, msiba nao haumaliziki.

Nimelisoma swali lako mara mbili, na naona mnabishania mambo matatu kwa mchoro mmoja. Kaka anataka kujua baba alipata nini. Mdogo anataka kujua kesho itakuwaje. Mama anauliza mgawane vipi. Bei za zamani zinaweza kumjibu kaka nusu, mdogo zinamjibu kidogo sana, na mama, kama utakavyoona huko mbele, hazihitaji hata kidogo.

Nianze na hizo hisa 800, kwa kuwa ndizo zilizonifurahisha. Mwaka 2015 CRDB iliongeza mtaji kwa kuuza hisa mpya kwa wanahisa wake wenyewe, zile zinazoitwa hisa stahiki. Kila mwenye hisa tano aliruhusiwa kununua moja mpya kwa shilingi 350. Gawanya 4,000 kwa tano: unapata 800 kamili. Baba yenu hakuzipewa bure wala hazikuingia kwa makosa. Alitoa shilingi 280,000 mfukoni akanunua haki yake yote, bila kubakiza hata moja. Tafuteni kwenye makaratasi ya mwaka ule, risiti itakuwepo au fedha itaonekana ikitoka kwenye akaunti yake.

Maana yake ni kwamba kipimo cha kaka kimeshapinda. Baba hakuwekeza kwa shilingi 150. Alilipa 600,000 mwaka 2009 na 280,000 mwaka 2015, jumla 880,000 kwa hisa 4,800, yaani kama shilingi 183 kwa hisa. Najua kaka atasema hiyo inazidi kuthibitisha hasara. Asubiri kidogo.

Hizo hizo hisa stahiki huenda ndizo zinazofanya takwimu za mdogo zisifanane. Chukua mfano wa kampuni yoyote ambayo hisa yake inauzwa 600, nayo ikawauzia wanahisa moja mpya kwa kila tano kwa bei ya 300. Mwenye hisa tano alikuwa na mali ya 3,000. Akitoa 300 anakuwa na hisa sita zenye thamani ya 3,300, na ukigawanya, kila moja ni 550. Bei imeshuka kutoka 600 hadi 550, lakini hakuna aliyeibiwa na kampuni haijaharibika. Anayeangalia mchoro mtupu ataona shimo na kushtuka. Ndiyo maana baadhi ya wanaotunza takwimu hurudi nyuma na kuzipunguza bei zote za kabla ya tukio kwa uwiano uleule, mstari usionyeshe anguko ambalo halikuwepo. Katika mfano huu, siku ambayo hisa iliuzwa 480 itaandikwa 440. Hiyo ndiyo bei iliyorekebishwa. Wengine hurekebisha hata kwa ajili ya gawio, yaani sehemu ya faida ambayo kampuni huwalipa wanahisa wake, na hapo bei za zamani hushuka zaidi.

Kisa kilichowachanganya wengi duniani ni cha Apple. Ijumaa ya tarehe 28 Agosti 2020 hisa yake ilifunga kwenye dola 499 na ushee. Jumatatu ikafungua kwenye dola 127 hivi. Kampuni ilikuwa imegawa kila hisa moja kuwa nne, basi. Ukipakua bei zake leo, ile 499 huioni, kwa kuwa imeshagawanywa kwa nne. Nyama ya mbuzi uikate vipande vinane au thelathini, mbuzi ni yuleyule.

Kwa hiyo mwambie mdogo kwamba takwimu zote mbili zinaweza kuwa sahihi, ila kila moja ina kazi yake. Mkitaka kujua thamani ya mali ya marehemu siku fulani, tumieni bei halisi iliyotangazwa na Soko la Hisa la Dar es Salaam, DSE, siku ile, na muizidishe kwa idadi ya hisa alizokuwa nazo siku ile. Mkitaka kujua uwekezaji umekua kiasi gani kwa miaka mingi, bei iliyorekebishwa inafaa zaidi. Kosa ni kuzichanganya: kuchukua bei iliyorekebishwa ya 2009 na kuizidisha kwa hisa 4,000 za kwenye risiti. Hesabu hiyo haitakutana na risiti ya baba hata mkikesha nayo.

Sasa, hiyo bei yenyewe ni kitu gani? Wengi huidhani ni kama bei ya mafuta ya taa ubaoni, kwamba kuna mtu kaipanga. Nenda mnadani Msalato siku ya Jumamosi. Ng'ombe wa mwisho akiuzwa milioni moja na nusu, haina maana kwamba kila ng'ombe wa Dodoma ana thamani hiyo, wala kwamba wiki ijayo ukipeleka ishirini utawauza wote kwa hiyo. Maana yake ni kwamba watu wawili walikubaliana hivyo, siku ile, juu ya ng'ombe yule. Bei ya hisa ni hivyo hivyo, makubaliano ya wauzaji na wanunuzi waliokuwepo siku hiyo tu. Ndiyo maana kwenye kila safu ya takwimu, pembeni ya bei, pana idadi ya hisa zilizouzwa. Wengi hawaiangalii, ilhali mimi ndiyo naanza nayo.

Kwa soko letu jambo hili ni zito. DSE ilianza biashara Aprili 1998 ikiwa na kampuni moja tu, TOL, na hadi leo zipo kampuni ambazo hisa zake hupita siku nyingi bila kuuzwa. Hisa ya Tanzania Breweries ilikaa kwenye shilingi 10,900 kwa miaka. Mstari umenyooka kama barabara ya kwenda Kibaigwa, na mgeni atasema, "Hii ndiyo hisa tulivu." Utulivu gani? Hisa nyingi zimeshikwa na mwenye kampuni mkubwa, zinazobadilishana mikono ni chache, na bei ya mwisho inaendelea kuandikwa tu. Bei isiyotikisika inaweza kuwa ishara ya kampuni imara, na inaweza kuwa ishara kwamba hakuna aliyekuja mnadani. Hisa za CRDB, kwa bahati yenu, ni miongoni mwa zinazouzwa sana, hivyo bei zake zina uzito zaidi. Hata hivyo, kwenye siku mtakayoichagua kwa ajili ya mirathi, angalieni kama kuna hisa zilizouzwa. Kama hakuna, nyuma ya bei ile yuko muuzaji wa siku za nyuma, na ni vizuri kuandika hivyo kwenye orodha ya mali.

Turudi kwa kaka. Ni kweli kwamba kufikia 2019 hisa hii ilikuwa inauzwa chini ya shilingi 150. Tuchukue 100 kwa wepesi wa hesabu. Ninyi mtaweka bei halisi ya siku ile. Hisa 4,800 mara 100 ni 480,000, dhidi ya 880,000 alizotoa baba. Kwa jicho hilo, kaka ana hoja. Lakini safu ya bei haina gawio ndani yake. Ng'ombe aliyenunuliwa laki sita, akakamuliwa miaka kumi, huwezi kumhukumu kwa bei ya mnadani siku ya mwisho ukasahau maziwa. Tafuteni taarifa za mwaka za benki, kila moja ina gawio kwa hisa, mjumlishe mwaka kwa mwaka, mkikumbuka kwamba hadi 2015 hisa zilikuwa 4,000. Gawio la kampuni iliyoorodheshwa DSE hukatwa kodi ya asilimia 5 kabla halijamfikia mwanahisa, kwa hiyo hesabuni kilichobaki baada ya kodi.

Halafu kuna kitu ambacho kaka hakukitaja nacho kinamuunga mkono: shilingi ya 2009 si shilingi ya 2019. Desemba 2011 mfumko wa bei nchini ulifika asilimia 19.8 kwa mwaka. Laki sita za baba zilikuwa na nguvu ambayo laki sita za miaka kumi baadaye hazina. Ofisi ya Taifa ya Takwimu iko hapo hapo kwenu Dodoma na hutoa fahirisi ya bei, yaani kipimo cha jinsi bei za bidhaa zinavyopanda, kila mwezi. Mdogo kwa kuwa anapenda takwimu, hiyo ndiyo kazi ya kumpa. Mtu akiweka pamoja bei, gawio na mfumko, ndipo anaweza kusema baba alipata au alipoteza. Nikikisia tu, hadi siku ile ya 2019 hesabu haikuwa nzuri. Tatizo la kaka ni kuisimamisha hesabu hapo, kana kwamba hisa nazo zilizikwa siku ile.

Hazikuzikwa. Kufikia 2023 bei ilikuwa imevuka shilingi 400. Kwa mwaka huo wa 2023 benki ilitoa gawio la shilingi 50 kwa hisa. Kwa hisa 4,800 ni 240,000, na baada ya kodi 228,000. Mwaka mmoja tu umerudisha zaidi ya robo ya mtaji wote wa baba. Na hapa nauliza jambo ambalo hamkuliandika: hizo fedha za gawio za miaka yote baada ya msiba ziko wapi? Akaunti ya marehemu ikifungwa au ikilala, gawio halifutiki kwa sababu hiyo peke yake. Kwa kawaida hubaki likimsubiri mwenye haki. Huenda mnabishania bei na huku kuna fedha taslimu hamjazigusa. Hilo liwe la kwanza kuulizia.

Sasa mdogo. Yeye ndiye ananitia wasiwasi kuliko wote, si kwa kuwa hana akili, bali kwa kuwa mchoro wake unampa raha. Anasema kila ikishuka inarudi juu. Kwenye mchoro ule, ni kweli: hisa ilipanda hadi kupita 350 kabla ya 2015, ikaporomoka chini ya 150, ikapaa tena. Lakini hiyo ni mara moja! Umeona mtu akidondoka mtini mara moja akasimama, huwezi kuandika kanuni kwamba kila adondokaye husimama.

Nadhani anafikiria mahindi, na simlaumu. Aliyekulia maeneo yetu anajua kwamba pale Kibaigwa gunia hushuka wakati wa mavuno na kupanda kuelekea Januari na Februari. Mfano huo una nguvu kwa sababu chanzo chake kinajulikana: mvua, shamba, ghala, njaa ya kabla ya mavuno. Chanzo kinajirudia, bei inajirudia. Na hata hivyo, waulize waliojaza maghala mwaka ambao mvua ilinyesha vizuri nchi nzima. Hisa haina msimu wa mavuno. Bei ya CRDB ilishuka miaka ile kwa sababu zake: mabenki nchini yalikuwa yameelemewa na mikopo chechefu, ile ambayo wakopaji hawairejeshi, na faida ya benki hii ikapungua sana mwaka 2017. Ikapanda kwa sababu zake pia: mwaka 2018 Dk. Charles Kimei alimkabidhi uongozi Abdulmajid Nsekela, mikopo mibaya ikapunguzwa, na faida ikatoka kwenye shilingi bilioni 120 hivi mwaka 2019 hadi zaidi ya bilioni 400 mwaka 2023. Mstari wa bei uliifuata faida. Mtu aliyenunua 2019 kwa kuangalia mstari peke yake alibahatisha. Aliyesoma taarifa za fedha alikuwa na sababu, ingawa hata yeye angeweza kukosea.

Zaidi, mchoro humjibu mtu kwa kutegemea ameuanzia wapi. Uanze 2015 uishie 2019, utaona kampuni inayokufa. Uanze 2020, utaona pepo. Ni mstari uleule. Mjaribu mdogo hivi: achague tarehe kumi za kuanzia bila kuangalia bei, apime faida ya miaka mitano kutoka kila moja, aone majibu yatakavyotofautiana. Kisha aangalie na kampuni nyingine, asibaki na hii aliyoipenda tayari. Vodacom Tanzania iliuza hisa kwa umma mwaka 2017 kwa shilingi 850, na kwa miaka kadhaa iliyofuata ikawa inauzwa chini ya hapo. Waliosubiri irudi walisubiri. Akilinganisha na soko zima, atumie fahirisi ya TSI, kipimo cha pamoja cha bei za hisa ambacho ni cha kampuni za ndani. Ile ya DSEI imebeba pia kampuni za Kenya zilizoorodheshwa hapa, kama KCB na East African Breweries, hivyo huyumba kwa mambo ya Nairobi.

Mimi mwenyewe nilipokuwa na umri wa mdogo wako niliuza hisa fulani kwa sababu mchoro ulikuwa umefika "kileleni". Kilele chenyewe kikaja kuwa katikati ya mlima. Sijaacha kuchora michoro, ila nimeacha kuisikiliza peke yake.

Hizo milioni tatu zake je? Zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, na kila baada ya mavuno kuna kupogoa, mbolea, dawa na vibarua. Kama fedha hiyo ndiyo ya kuhudumia shamba msimu ujao, jibu langu ni hapana, hata hisa ingekuwa nzuri namna gani. Atalazimika kuuza siku ambayo dawa inahitajika, na siku hiyo haimuulizi kama bei imepanda. Kama ni ziada ya kweli, anayoweza kukaa bila kuigusa miaka mitano au zaidi, basi anaweza kununua, lakini asiimwagie kampuni moja ambayo tayari familia ina hisa zake. Mifuko ya uwekezaji wa pamoja ya UTT AMIS au hatifungani za serikali, yaani kuikopesha serikali kwa riba, hazina msisimko wa mchoro wake, ila zingemfanya alale. Na kununua na kuuza vyote vina makato, ayaulizie kabla. Akiona kundi la WhatsApp linalouza "ishara" za lini ununue kutokana na michoro ya zamani, atoke humo.

Nimemwacha mama mwisho kwa kuwa jawabu lake ni jepesi na linawafaa wote. Si lazima muuze ili mgawane. Hisa hugawanyika kwa idadi. Mahakama ikishamthibitisha msimamizi wa mirathi, na mafungu ya kila mrithi yakishajulikana kwa sheria inayowahusu, kila mmoja anafungua akaunti ya hisa kwa jina lake na fungu lake linahamishiwa humo. Uhamisho wa mirathi haupitii kwenye mnada wa soko, kwa hiyo hakuna wa kubishana naye bei. Mama akitaka fedha anauza zake kwa bei ya siku anayouza, mdogo anashikilia zake, kaka anafanya apendavyo. Bei ya siku ya kifo mtaihitaji kwa ajili ya orodha ya mali mahakamani, basi. Isiwe ndiyo bei ya kununuliana ninyi kwa ninyi miaka mingi baadaye. Kaka akijitolea "kununua" fungu la mama kwa bei ya 2019, hata kwa nia njema, atakuwa amemdhulumu.

Kuna mambo siwezi kuyamaliza kwa maandishi. Kama baba aliacha wosia, kama kuna mrithi aliye chini ya miaka 18, au kama mnavutana juu ya sheria ipi itumike, ya Kiislamu, ya kimila au nyingine, muoneni wakili au watoa msaada wa kisheria kabla ya kuhamisha hata hisa moja. Kwa upande wa hisa zenyewe, nendeni kwa wakala wa soko la hisa mwenye leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, mkiwa na cheti cha kifo, hati ya usimamizi wa mirathi, vitambulisho vya warithi na namba ya akaunti ya hisa ya marehemu. Hapo hapo ulizieni mambo mawili kwa maandishi: historia ya akaunti tangu 2009, ambayo itaonyesha zile 800 zilivyoingia, na orodha ya gawio ambalo halijachukuliwa.

Na mdogo asiufute mchoro. Aongeze safu tatu kwenye takwimu zake: hisa zilizouzwa kila siku, gawio la kila mwaka, na mfumko wa bei. Akimaliza, mkae tena mezani na kaka akiwepo. Mkiipata ile risiti ya 2015, niandikie. Ningependa kujua mwalimu aliitunza kwenye faili gani.